Ada, Wakfu na Mfadhili: Nani Ailee Nyumba ya Historia?

Mwaka 1958 Fort Jesus ya Mombasa iliacha kuwa gereza. Mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuifukua na kuikarabati, na kufikia 1960 ilikuwa imefunguliwa kuwa makumbusho. Fedha za kazi hiyo zilitoka Lisbon, kwenye Taasisi ya Calouste Gulbenkian, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa. Anayejua kwamba ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 hatauliza kwa nini Lisbon iliionea uchungu. Unguja nako, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa likikarabatiwa kwa fedha za Oman pale sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Hapo pia hakuna haja ya kuuliza kwa nini Muscat ilifungua mkoba.

Simlaumu Mreno wala Mwomani. Mtu hutoa kwa kinachomgusa, na anayetoa fedha kwa ajili ya historia mara nyingi hutafuta ukuta ambao babu yake aliujenga. Shida ni kwamba pwani yetu haikujengwa kwa mawe matupu. Wavuvi, wahunzi, wafinyanzi na mabaharia waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na nyumba hizo hazina babu mwenye benki. Hakuna ubalozi unaozidai. Nani basi aitunze historia ya watu wasio na dola nyuma yao? Na aliye mbali, anayetaka kusaidia kutoka Toronto au Dubai, asaidie vipi bila kuinunua historia hiyo? Maswali haya yamewahi kujibiwa kwa namna mbalimbali duniani, na majibu hayalingani kwa uzito.

Jibu linalonivutia zaidi lilitolewa na Wayahudi wa Ulaya Mashariki kati ya vita viwili vikuu. Lugha yao, Kiyidishi, ilisemwa na mamilioni ya watu kuanzia Warsaw hadi Buenos Aires, lakini taifa la kuisemea halikuwepo. Mwanzoni mwa 1925 msomi mmoja aliyekuwa akiishi Berlin, Nokhem Shtif, aliandika waraka akitaka iundwe taasisi ya kuitafiti lugha hiyo pamoja na historia na maisha ya wasemaji wake. Mwaka huohuo taasisi ikazaliwa, ikaitwa YIVO, na makao yake yakawa Vilna, mji ambao leo ni Vilnius ya Lithuania lakini wakati huo ulikuwa ndani ya Poland. Ofisi ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba ya mwanaisimu Max Weinreich. Sigmund Freud na Albert Einstein walikubali majina yao yawekwe miongoni mwa walezi wa heshima, jambo zuri, ingawa jina halilipi kodi ya nyumba.

Kodi ililipwa na watu wa kawaida. YIVO iliishi kwa ada na michango midogomidogo ya watu binafsi na vyama, ndani ya Poland na ng'ambo. New York ilikuwa na tawi tangu mwanzo, na Buenos Aires ikafuata mwaka 1928. Miaka mingine hali ilikuwa ngumu mno, maana michango ya wafanyakazi hupungua pale kazi zinapopungua, na mdororo wa uchumi wa dunia haukuwasaza mafundi cherehani wa New York. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 taasisi ilikuwa imehamia kwenye jengo lake yenyewe.

Ila fedha ni nusu tu ya habari. YIVO ilijaa wakusanyaji wa kujitolea: walimu, vijana, mafundi, watu wa miji midogo ambao hakuna profesa aliyewahi kuwauliza lolote. Taasisi iliwatumia orodha za maswali, nao wakarudisha kwa posta nyimbo, methali, barua, mabango ya maigizo, daftari za vyama vya maziko, masimulizi ya bibi zao. Katika miaka ya 1932, 1934 na 1939 YIVO iliwashindanisha vijana waandike habari za maisha yao wenyewe, na ikapokea maandiko zaidi ya 600. Kwa hiyo huyohuyo aliyetoa sarafu ndiye aliyetoa pia barua ya babu yake, na ndiye aliyesoma jarida lililotokana na barua hizo. Mtoaji, chanzo na msomaji walikuwa mtu mmoja. Sijui kama kuna taasisi ya historia pwani yetu inayoweza kujisifu hivyo.

Vita vilipozuka Septemba 1939, Weinreich alikuwa Denmark, njiani kwenda kwenye mkutano wa wanaisimu. Hakurudi Vilna. Mwaka 1940 alifika New York, na lile tawi lililokuwa likikusanya michango likageuka kuwa makao makuu. Wajerumani walipouteka mji wa Vilna mwaka 1941 waliwalazimisha Wayahudi wasomi kuchambua maktaba zao wenyewe: sehemu ipelekwe Ujerumani kwa ajili ya taasisi ya Wanazi ya kuwachunguza Wayahudi, na iliyo kubwa zaidi isagwe kuwa karatasi. Washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski walikuwa miongoni mwa wafungwa hao, na wao na wenzao waliingiza ndani ya geto, mtaa waliofungiwa Wayahudi, nyaraka walizozificha ndani ya nguo, huku wakijua kwamba wakikamatwa ni kifo. Baada ya vita, jeshi la Marekani lilizikuta nchini Ujerumani zile zilizosafirishwa. Mwaka 1947 zikakabidhiwa YIVO ya New York.

Tafakari jambo hilo la 1947. Nyaraka zile zilitoka katika mji ambao sasa ulikuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti, na wengi mno wa waliozikusanya walikuwa wameuawa. Kama New York kungekuwa na wafadhili tu, matajiri waliozoea kuandika hundi mara moja kwa mwaka, nani angesimama na kusema "hizi ni zetu" na akaaminika? Kulikuwa na taasisi yenye katiba, yenye wanachama na yenye katibu. Uanachama wa ng'ambo ulikuwa umeandaa nyumba ya pili, bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Waingereza wana mila yao, na haina machozi mengi. Lipa, upate kitabu. Jumuiya ya Hakluyt ilianzishwa London mwaka 1846 kwa ajili ya kuchapa safari za kale. Mwanachama, popote alipo, hulipa ada ya mwaka na huletewa vitabu. Ni kwa ada za namna hiyo kwamba mwaka 1871 ilitoka tafsiri ya George Percy Badger ya historia ya maimamu na masayyid wa Oman, kitabu ambacho mtafiti wa Zanzibar hawezi kukikwepa mpaka leo. Na ni jumuiya hiyohiyo iliyoanza mwaka 1958 kuchapa safari za Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331. Juzuu la pili, lenye habari za pwani yetu, lilitoka 1962. Mfasiri, Hamilton Gibb, akafariki 1971 kabla hajamaliza. C. F. Beckingham akaipokea kazi, na juzuu la nne likatoka 1994. Miaka 36! Mfadhili wa siku hizi, mwenye mradi wa miaka mitatu na ripoti kila robo mwaka, angekuwa ameshafunga faili zamani na kumtaka mhazini arudishe salio. Wanachama hawakufunga chochote. Waliokufa walikufa, wengine wakajiunga, ada ikaendelea kulipwa.

Mila hiyo ilitufikia hasa pale Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki ilipoundwa kuelekea uhuru. Mkurugenzi wake, Neville Chittick, alifukua Kilwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, kisha Manda. Tangu 1966 taasisi imekuwa na jarida lake, Azania, lililowafikia wanachama katika mabara mbalimbali. Tusidanganyane: uti wa mgongo wake kifedha umekuwa ruzuku ya umma ya Uingereza inayopitia British Academy, si ada za wanachama. Lakini angalia kilichotokea. Chittick aliamini kwamba miji ya pwani kiini chake kilikuwa wageni waliovuka bahari. Kuanzia 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine midogo, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya miti, kuanzia karne ya 8. Kandokando yake zikiwa nyumba za udongo za wenyeji, na mji ukikua hatua kwa hatua kutoka humohumo. Kitabu cha Shanga kilichapishwa mwaka 1996, na mchapishaji ni taasisi ileile iliyochapa vitabu vya Chittick.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa kubwa ya taasisi yenye jarida na wanachama wanaolisoma. Inaweza kumsahihisha mkurugenzi wake mwenyewe. Zile nyumba za udongo zisizo na babu mwenye benki zilipata msemaji pale ambapo waliolipia uchimbaji hawakuwa wakitafuta babu yao. Kasoro yake nayo haijifichi. Ada hulipwa kwa pauni, jarida huandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Kilwa Kisiwani ambaye baba yake alibeba ndoo za mchanga wa uchimbaji ule hakuwahi kuombwa awe mwanachama.

Tukija kwetu, mtu atasema: sisi tuna wakfu. Kweli tunao, na ni mila ya heshima kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu mtoaji huachia moja kwa moja. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh aliyetokea Ngazija, ulikusanya vitabu na miswada kwa njia hiyo. Baadhi vilinakiliwa palepale Lamu, vingine vilikuja vimechapwa Cairo na Bombay au vililetwa na mabaharia na masharifu kutoka Hadhramaut. Ndani ya miswada kadhaa mna maandishi ya wakfu yanayomtaja aliyetoa na kwa ajili ya nani. Hapo unaona mchango wa kutoka ng'ambo ukiwa hai zaidi ya miaka mia moja iliyopita, bila benki wala risiti.

Lakini wakfu wa kitabu peke yake ni nusu ya wakfu. Katika miji mikubwa ya Kiislamu maktaba iliwekewa maduka, nyumba au mashamba, ili kodi yake imlipe mtunzaji, ijalidi upya kitabu kilichochakaa na itie mafuta kwenye taa. Huku kwetu mara nyingi kitabu kiliwekwa wakfu na duka likabaki kwa warithi. Mchwa hawaijui hati ya wakfu, na chumvi ya bahari haijali sharti la mtoaji. Tena wakfu hauna mkutano mkuu. Mtawali, yaani msimamizi wa wakfu, akiwa mwema, mambo huenda. Akiwa mzembe, aliye Jeddah aliyetoa kabati zima la vitabu hana pa kuuliza ila kwa Mungu.

Kwa hiyo miswada ya Riyadha ilipopigwa picha za kidijitali, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na watafiti wa Norway, fedha zilitoka katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, unaofadhiliwa na mfuko wa Arcadia wa huko London. Mpango huo una sharti moja ninalolisifu bila kusita: nyaraka asilia hazitoki nje ya nchi zilimo, zinazosafiri ni nakala tu. Miswada imebaki Lamu, na msomaji wa Zanzibar au Moroni anaweza kuifungua kwenye simu. Ni msaada wa kutoka nje uliofanywa kwa adabu. Bado lakini swali la mchwa halijajibiwa, kwa sababu picha hulipiwa mara moja na mtunzaji anataka mshahara kila mwezi.

Harambee nayo tunaifahamu, sina haja ya kukaa nayo. Inajenga madarasa; haimlipi mwalimu.

Mahali ambapo njia hizi zote zilipimwa kwa moto, na ninasema moto kwa maana yake halisi, ni Timbuktu. Baada ya mkutano wa wataalamu ulioitishwa na UNESCO mwaka 1967, Kituo cha Ahmed Baba kilifunguliwa mwaka 1973, Kuwait ikiwa miongoni mwa waliosaidia. Mwaka 2001 Rais Thabo Mbeki alitembelea Mali, na matokeo yake ni jengo jipya la fahari lililolipiwa na Afrika Kusini na kuzinduliwa Januari 2009. Miaka minne baadaye, Januari 2013, wapiganaji waliokuwa wakikimbia majeshi ya Ufaransa na Mali waliteketeza miswada ipatayo 4,000 iliyokuwa humo. Miswada mingi zaidi ilikuwa imeshaondolewa mjini kwa siri. Abdel Kader Haidara, mrithi wa maktaba ya familia yake, pamoja na familia nyingine, waliipakia kwenye masanduku ya bati na kuipeleka Bamako kwa magari na mashua. Fedha za ng'ambo zilisaidia hapa pia, zilitoka Ulaya na Marekani, na baadaye hata kwa michango ya watu wa kawaida mtandaoni. Ila zilifika kwenye mikono iliyojua kila sanduku limefichwa nyumba gani.

Kuna doa. Idadi ya miswada iliyotangazwa kuokolewa, mamia ya maelfu, baadhi ya wasomi waliitilia shaka. Sina haja ya kuamua nani mkweli. Ninachokiona ni kwamba mtoaji alikuwa mbali, hesabu ilikuwa ndani ya masanduku, na hapakuwa na mwanachama mwenye haki ya kunyoosha mkono na kuomba daftari. Ujasiri uliokoa karatasi. Orodha ndiyo ingeokoa imani ya watu.

Na umbali si wa bahari tu. Carter G. Woodson, aliyeanzisha jumuiya ya historia ya Wamarekani weusi mjini Chicago mwaka 1915, alipata ruzuku nono kutoka kwa akina Carnegie na Rockefeller. Wakubwa hao wakataka aiweke jumuiya yake chini ya chuo kikuu. Akakataa, na kufikia miaka ya 1930 mifereji ikakauka. Alikwenda wapi? Kwa walimu wa shule, makanisa na vyama vya kina mama weusi, waliotoa dola moja moja. Mwaka 1937 akawaanzishia walimu jarida jepesi linalosomeka darasani. Jumuiya hiyo ipo mpaka leo, na kile kijuma cha historia alichokianzisha Februari 1926 kimekuwa mwezi mzima.

Basi hukumu yangu ni hii: mfadhili mkubwa anafaa kwa paa, wakfu unafaa kwa mshahara wa mtunzaji, lakini roho ya taasisi ya historia ni mwanachama anayelipa ada ndogo na kuuliza maswali makubwa. Wanaotoka pwani yetu wametapakaa Muscat, Dubai, London, Toronto na kwingineko. Si wachoyo. Akifariki mtu, kabla maziko hayajafanyika simu zimeshajaa michango, msikiti ukivuja, paa linaezekwa, kisima kinachimbwa. Kwa nyaraka hawatoi, na si kosa lao peke yao, kwa sababu hakuna aliyewaomba kwa namna inayoeleweka. Wakiombwa, huombwa kama wafadhili: changieni, kisha mje mpige picha siku ya uzinduzi.

Taasisi inayotaka kuwapata iweke ada mbili, ya shilingi kwa aliye Lamu au Bagamoyo na ya fedha za kigeni kwa aliye nje, na kura iwe moja kwa wote, asije wa dola akawa na sauti ya watu wawili. Itoe taarifa ya mwaka kwa Kiswahili, yenye hesabu zilizokaguliwa na orodha ya kila kilichopokelewa, hata kama ni picha tatu na cheti kimoja cha ndoa. Nyaraka asilia zibaki nyumbani, nakala zikae angalau katika nchi nyingine moja. Aliye Marekani ajue kwamba sheria ya kwao kwa kawaida haimpi nafuu ya kodi kwa mchango anaoutuma moja kwa moja kwa taasisi ya nchi nyingine. Ndiyo maana taasisi nyingi za nje huwa na chama cha marafiki kilichosajiliwa hukohuko. Ni makaratasi ya mara moja, mwanasheria mmoja mwenye moyo anaweza kuyamaliza. Na mwenye uwezo zaidi asijenge ukumbi wenye jina lake. Aweke wakfu duka, kodi yake imlipe mtunzaji.

Nawe msomaji uliye ng'ambo, kabla hujatuma chochote, omba katiba na hesabu za mwaka uliopita. Ukinyimwa, zuia fedha zako. Ukipewa, lipa ada, kisha fungua lile sanduku lililoondoka na wazee wako mwaka 1964, wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar, au baadaye: barua, shajara, hati za nyumba, picha za harusi. Piga nakala, kaa na mzee aliyebaki, na nyuma ya kila picha andika ni nani, wapi na mwaka gani. Tumia penseli laini, kwa sababu wino hupenya karatasi.